Tulivyokwenda Dar Kuisikia Sehemu ya Pili

Tangu turudi, baiskeli ninazoletewa kibandani hazina ubovu. Mtu anakuja na pancha ambayo haipo, anakaa juu ya gogo, anauliza, "Gaspari, ebu tuambie, Dar kulikuwaje?" Nimesimulia mpaka sauti imekauka, na kila nikisimulia kuna mtu anakwenda kuongeza chumvi mbele ya safari. Juzi nimesikia huko Kasekese wanasema Leonsi amepewa gitaa na serikali. Hakupewa. Basi nimekaa nikaandika yote mara moja. Someni, mpeane, halafu mniache nifanye kazi.

Habari za tiketi na ruhusa za kazini naziacha, hazina utamu.

Kwetu Kawajense, Mpanda, kabla ya kuondoka

Nyie wote mnaujua ule wimbo wa mwanamke aliyeachwa stesheni. Mmeucheza miaka miwili. Wasichojua wengi wenu ni kwamba bendi yetu imekuwa ikiupiga nusu ni wa wenyewe na nusu ni wa kwetu.

Wimbo ule uko kwenye sahani moja ya santuri yenye pande mbili. Upande wa kwanza ni sehemu ya kwanza, yenye maneno. Wa pili ni sehemu ya pili, ambamo gitaa linaachiwa njia na watu wanacheza mpaka viatu vinalia. Sahani pekee iliyofika Mpanda ni ya Mama Veronika wa baa, na siku ya tatu tu aliweka kibatari juu ya upande wa pili. Ukajikunja. Redioni nako wanapiga upande wa kwanza, mara taarifa ya habari inaingia. Kwa hiyo Leonsi, mshona nguo wetu na mpiga solo wetu, alitunga sehemu ya pili ya kichwani mwake. Mliipenda. Yeye peke yake ndiye hakuwa na raha nayo.

"Tunawadanganya watu," alikuwa akisema. "Wanadhani wanacheza wimbo wa Dar, kumbe wanacheza wimbo wa fundi cherehani."

Angeweza kuishi na aibu hiyo mpaka uzee kama si masikio. Mnajua masikio ya Leonsi yanatoka usaha tangu utoto. La kushoto lilikufa zamani. Mwaka huu la kulia nalo likaanza kuondoka, leo anasikia, kesho hasikii, na hospitali wametibu walivyoweza. Siku moja baada ya mazoezi akaniambia, "Mdogo wangu, kabla hili halijafunga, nataka niisikie sehemu ya pili yenyewe. Mara moja tu. Nikishaisikia, basi." Nilimtazama nikaona hatanii. Nikaogopa, kwa sababu mimi ni mpiga dramu na kazi yangu yote jukwaani ni kumfuata yeye.

Sabasaba ya mwaka huu iliangukia Jumatatu. Tukapanga hivi: tutoke Alhamisi, tufike Dar Jumamosi jioni, bendi yenyewe inapiga usiku ule, tusikie, tuone mji kidogo, turudi. Mpango mzuri sana. Baba yake Leonsi, mrina asali, alitupa dumu la asali ya msimu, akasema huwezi kwenda kwa watu mikono mitupu. Na kabla hatujaondoka akatuchukua porini kukagua mizinga, kama ilivyo desturi ya nyumba yao.

Hili la mizinga lisomeni vizuri, maana huko mbele ndilo lililotuokoa. Mzee yule hafungui mzinga kuona kama nyuki wameingia. Anaegemeza shavu kwenye gogo, anatulia, halafu anasema "wamo" au "hamna kitu." Leonsi alifundishwa hivyo akiwa mdogo. Siku ile akabandika shavu lake kwenye mzinga wa kwanza, akafumba macho.

"Wamo," akasema.

Mimi niliyekuwa na masikio mawili mazima sikusikia kitu.

Mpanda mpaka Tabora

Ndani ya behewa ndipo nilipogundua kwamba sikuufikiria mpango wangu vizuri. Kuzungumza na Leonsi kwenye kelele za garimoshi kulitaka nipige kelele sikioni mwake, na nikipiga kelele yeye anajibu kwa kelele. Kabla ya Katumba behewa zima lilikuwa linajua tunakwenda wapi, kufanya nini, na kwamba nyumbani nimeacha mke amenuna.

"Kwani kanuna kwa nini?" akauliza mama mmoja wa Kaliua aliyekaa mbele yetu na tenga la kuku.

"Nguo zake za Sabasaba zimebaki kwa huyu hazijashonwa," nikajibu.

"Ana haki anune," mama akasema, na behewa likakubaliana naye.

Karibu na mto Ugalla garimoshi likasimama. Tukasubiri. Watu wakachungulia madirishani. Tembo walikuwa juu ya reli, wakubwa kwa wadogo, wamesimama kwenye njia yetu wakila majani ya pembeni pole pole, hawana habari na mtu. Dereva akapiga honi. Mmoja akageuza kichwa, akatutazama, akaendelea kula. Mimi nimezaliwa huku na tembo nimewaona, lakini sijawahi kukaa nikawatazama jua likipanda na kushuka, hakuna wa kuwafukuza na hakuna wa kukimbia. Behewa lenye kelele lile lilinyamaza lote. Hata kuku walinyamaza. Nilijisikia mdogo, na nikajisikia vizuri kuwa mdogo.

Leonsi hakutazama. Alikuwa anahesabu. "Tabora tutaikosa ile ya Dar," akanipigia kelele.

"Tutawahi!" nikasema uongo.

Hatukuwahi. Tembo waliondoka walipotaka wao, na tulipofika Tabora garimoshi la Dar lilikuwa limekwenda. Lingine kesho yake. Jumamosi yetu ikawa imekufa pale pale kwenye jukwaa la stesheni. Leonsi akakaa juu ya sanduku lake, akashika kichwa. Mama wa Kaliua alikuwa ameshashuka kwao, lakini alituachia mayai ya kuchemsha na neno moja. Alinivuta shati akasema, "Baba, usimpigie kelele hivyo. Mshike bega kwanza, atazame mdomo wako, ndiyo useme." Nimekaa na Leonsi kwenye bendi miaka yote ile sikuwahi kulifikiria hilo. Nilimshika bega, akanitazama, nikamwambia bila kelele kwamba Jumapili mchana kuna bugi, lile dansi la mchana, bendi zote za Dar zinapiga bugi, tutawahi hilo. Akanielewa neno kwa neno.

Tulikula karanga za Tabora na mayai, tukalala stesheni.

Tabora mpaka Dar

Sijui niwaelezeje ukubwa wa nchi hii. Tulipita pori letu la miombo likaisha, ikaja nchi ya wazi yenye mawe makubwa yaliyopangana bila fundi, ikaja Dodoma na upepo wake mkavu. Pale tuliuziwa nyama choma kwenye vijiti kupitia dirishani, nikaung'ang'ania mshikaki garimoshi likiwa linaondoka na muuzaji anakimbia. Baadaye milima ya Morogoro ikasimama kwa ghafla, ya bluu, na chini yake watu wameinua vikapu vya machungwa. Kila nilipodhani nchi imefika mwisho, ilikuwa inaanza upya. Nilishangaa mpaka nikachoka kushangaa.

Kwenye behewa letu kulikuwa na vijana wanajeshi wakirudi kambini, mmoja ana gitaa la mbao. Walipojua safari yetu wakaupiga ule wimbo wa stesheni, na watu wakaimba, Wagogo, Wanyamwezi, Waha, kila mtu na lafudhi yake. Sehemu ya kwanza ikaisha vizuri kabisa. Halafu kimya. Kila mtu akamtazama mwenzake.

"Mbona mmesimama?" nikauliza.

"Ndipo inapoishia," akasema mwenye gitaa.

Kumbe si Mpanda peke yake. Reli nzima wanajua nusu. Nikamshika Leonsi bega nikamweleza. Alicheka mara ya kwanza tangu tembo. Kisha akagusa sikio lake la kulia akaacha kucheka. Vumbi la njiani lilikuwa limemkamata, sikio limevimba, linauma. "Nasikia kama mtu anaongea ndani ya mtungi," akasema.

Ilala

Tulishuka Dar Jumapili adhuhuri. Joto la pale linakukumbatia kama shangazi aliyekukosa siku nyingi. Nilitaka tuone bahari, Leonsi akasema bahari haiondoki, bendi inaondoka. Ilikuwa kweli. Tuliambiwa kesho yake asubuhi wanakwenda ziara ya kusini mwezi mzima. Ikawa ni bugi ile au basi.

Tulitembea kwa miguu mpaka Ilala, dumu la asali tumelibeba kwa zamu. Kila mtaa ulikuwa na muziki wake. Duka la redio linapiga hili, kinyozi anapiga lile, dirishani mtoto anagonga kopo akifuata vyote viwili. Vijana wamevaa suruali za bugaluu zinazofagia barabara na viatu vya raizoni virefu utadhani wamepanda kwenye stuli. Nilikuwa natembea mdomo wazi. Sikujua kwamba kuna mahali ambapo muziki si wa Jumamosi tu, watu wanauamkia kama chai.

Mlangoni mwa baa yenye ua mkubwa alisimama bwana mmoja mnene. "Nyie mmetoka wapi na dumu?"

"Mpanda."

"Mpanda! Wanyamwezi!" Uso ukamfunguka. "Wapagazi wangu hawa! Mimi Mzaramo bwana. Mmemletea nani mzigo wake leo?"

"Sisi Wakonongo," nikasema.

"Mkonongo si Mnyamwezi aliyechelewa kutoka porini?"

Nikajua nimempata mtani. Nikamwambia, "Na wewe bado unalinda ngoma za watu, shamba lako kule Kisarawe linalimwa na ngedere?" Alicheka akashika tumbo. Akachukua chupa, akajimiminia asali yetu bila kuomba, kama mtani anavyoruhusiwa, akatusukuma ndani.

Halafu bendi ikaanza.

Jamani. Nimezoea spika yetu moja ya betri ya gari. Pale yalipangwa maboksi ya spika marefu kuliko mimi. Tarumbeta zilipoingia vinyweleo vya mikono yangu vilisimama. Wapiga gitaa walikuwa wanne, mmoja anaanza, wa pili anamjibu, wa tatu anapita katikati yao, na hawagongani. Dramu na tumba zilikuwa zinazungumza mambo ambayo mimi sijawahi kuyasema. Nilitaka kulia na nilitaka kwenda nyumbani nikavunje dramu yangu. Watu kama mia walikuwa wanacheza wakitabasamu, na jua la saa tisa linawamulika.

Wimbo wa tatu ukawa ule wa stesheni. Nikamgeukia Leonsi. Alikuwa amesimama, mkono nyuma ya sikio, uso umekunjamana.

Nikamshika bega. "Unasikia?"

"Mlio tu," akasema. "Ni mlio mtupu, Gaspari. Gitaa silioni." Machozi yalikuwa yanamtoka hadharani, hayafuti. "Sikiliza wewe, basi. Sikiliza wewe."

Safari yote ile, na tembo, na usiku wa Tabora, kuja kusikia kwa sikio la mtu mwingine. Roho iliniuma sana. Sehemu ya kwanza ilikuwa inakaribia mwisho.

Hapo ndipo akafanya jambo ambalo ni mtu wa nyumba ya asali tu angelifanya. Alipita katikati ya wachezaji, akavua viatu, akapanda jukwaani pembeni, akalikumbatia lile boksi kubwa la spika kwa mikono miwili, akabandika shavu. Akafumba macho.

Watu wakapiga kelele. "Mlevi huyo! Mtoeni!" Mwingine akasema anaiba. Vijana wawili wenye misuli wakamshika mashati. Leonsi hakuachia boksi. Mimi nakimbia, napiga kelele kwamba hasikii, anasikiliza, na hakuna aliyeelewa maneno hayo mawili yakiwa pamoja. Mara yule bwana mnene akatokea, amepanua mikono. "Mwacheni! Mwacheni huyo, mtani wangu! Akifa hapa nitamzika mimi, nani atanilipa sanda?" Watu wakacheka, vijana wakaachia. Muziki ulikuwa haujasimama hata kidogo, na sehemu ya pili ilikuwa imeshaanza.

Na Leonsi, shavu kwenye boksi, mdomo ukaanza kutingishika. Sikuweza kumsikia. Lakini nilisoma midomo yake, maana tangu neno la mama wa Kaliua nami nilizoea kutazama mdomo.

"Wamo," alikuwa anasema. "Wamo. Wamo."

Wakati wa mapumziko

Bendi ilipopumzika, mpiga solo mwenyewe akashuka. Mrefu, mpole, jasho linamtiririka. Alitaka kumwona mtu aliyekumbatia spika yake. Nikamweleza yote, sahani, kibatari, redio, reli nzima inayojua nusu.

"Sehemu ya pili ipi?" akauliza. "Ile ya kwenye sahani?"

"Ndiyo."

Akajikuna kichwa. "Ile mimi nimeshaisahau, kaka. Ilikuwa ya siku ile tu studio. Leo nimepiga nyingine, jana nyingine. Sehemu ya pili haina mwenyewe, ni ya siku yenyewe."

Nikamshika Leonsi bega nikamrudishia maneno hayo mdomo kwa mdomo. Alinifanya niyarudie. Mpiga solo akamvulia gitaa lake, akamwonyesha kwa mkono alaze shavu juu ya mbao yake, akasema, "Nyie huko mnapigaje?"

Leonsi akalaza shavu, akapiga yetu. Ile ile mnayoijua nyie. Msije mkadhani ua mzima ulisimama kushangilia. Watu walikuwa wanakula mihogo na mishikaki, hakuna aliyegeuka. Ila mpiga tumba, aliyekuwa anakunywa soda, aliweka chupa chini akaanza kumfuata kwa vidole kwenye meza. Mpiga solo alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Hapo kati sijawahi kupafikiria," akaomba arudiwe. Dumu la asali tulimwachia yeye.

Kurudi

Kurudi hakuna cha kueleza sana. Tembo hawakuwepo. Pale Kaliua mama wa kuku hakuwepo. Nilimnunulia mke wangu machungwa ya Morogoro, yakaoza nusu, naye akala nusu iliyobaki, na Leonsi akamshonea nguo zake.

Jambo moja tu. Baada ya kuvuka Ugalla nilimwita Leonsi kwenye sikio la kulia, kwa sauti ya kawaida. Hakugeuka. Nikaita kwa nguvu. Behewa zima likageuka, yeye hakugeuka. Lilikuwa limefunga. Aliponiona uso wangu akajua. Akaegemeza shavu kwenye mbao ya dirisha, garimoshi likitetemeka. "Linakwenda vizuri," akasema.

Jumamosi hii

Ndiyo hayo. Jumamosi tunapiga kama kawaida, na wimbo wa stesheni utakuwepo, na sehemu ya pili itakuwa ya Jumamosi hiyo, sijui itakuwaje na yeye hajui. Mtamwona Leonsi anapiga peku, amelaza shavu juu ya gitaa. Asicheke mtu.

Na ikiwafurahisha, msipige makofi. Makofi hayamfiki tena. Sogeeni wote karibu na lile jukwaa la mninga tuliloligongomea wenyewe, mvue viatu kama hamna haya, mpige miguu kwenye mbao zake, wote kwa pamoja, kwa nguvu mlizo nazo. Halafu tazameni mdomo wake.